Kinda aliyeanguka hana haja ya boksi lako

*Kila msimu wa mvua upepo wa nyanda za juu za Rukwa huangusha viota. Wengi wanaowaokota makinda wana nia njema, na mara nyingi nia hiyo ndiyo huwamaliza.*

Mvua ya Sumbawanga mara nyingi huja na upepo, na siku nyingine na mawe. Ikikatika, chini ya mikaratusi iliyopandwa kando ya shule na makanisa utakuta matawi yamelala kwenye matope, na kwenye tawi mojawapo viota vitatu vinne vya kwera, wale ndege wa manjano mafundi wa kusuka nyasi.

Kimoja kimepasuka ubavuni. Ndani wamo makinda watatu. Wawili wameanza kuchipua manyoya mgongoni, nayo bado yamo ndani ya vifuko vyembamba vya kijivu. Wa tatu yuko uchi kabisa, macho hayajafunguka, na ngozi yake ni laini kiasi kwamba unaona chakula cha asubuhi kimejaa kooni. Kiota kikitikisika kidogo tu anainua kichwa na kuachama, akidhani mama amefika.

Watoto wa shule wamewazunguka. Mmoja ameshaleta boksi la viatu, anataka kuwapeleka nyumbani. Mwingine anapinga: wameshaguswa, mama yao atanusa mkono wa mtu na hatawarudia tena. Wa tatu ana manati shingoni na hesabu zake ni za kitoweo. Mtu mzima anayepita anawaambia waachane nao, ni ndege tu.

Katika majibu hayo manne hakuna lililo sahihi. Linalofaa ni rahisi kuliko yote na halihitaji fedha: kuwarudisha makinda pale walipotoka, au karibu kadiri iwezekanavyo, kisha kuondoka.

Miti michache, viota vingi

Anayeifahamu Ufipa, yaani nyanda hizi za juu, anajua ilivyo wazi. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya uwanda unaouzunguka ni nyasi na mashamba ya mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Msitu wa asili umebaki kwa vipande, kinachojulikana zaidi kikiwa kile cha milima ya Mbizi, juu ya mji.

Ndege wanaohitaji mti hubanana kwenye ile michache iliyopandwa na watu: mikaratusi ya shule, miparachichi ya uani, mti wa kivuli mbele ya zahanati. Mti mmoja ukianguka, au ukikatwa mwezi Januari, kinachoanguka ni mtaa mzima.

Wala si bahati mbaya kwamba viota hujaa wakati uleule wa dhoruba. Kuanzia Novemba hadi Aprili ndipo kumbikumbi hutoka ardhini na viwavi na panzi hujaa majanini, na hicho ndicho chakula cha makinda. Hata ndege wanaokula mbegu maisha yao yote, kwera wakiwemo, huwalisha watoto wao wadudu kwa wingi katika siku za mwanzo, kwa sababu mwili unaokua unahitaji protini. Kwa hiyo ndege hawana namna ya kuukwepa msimu wa mvua.

Hata hivyo, si kila kiota kinachokutwa chini ni msiba. Kwera dume husuka kiota kwa nyasi mbichi, akaning'inia chini yake kichwa chini na kupigapiga mbawa ili jike aje akikague. Jike asipokitaka, na nyasi zikapoteza ukijani wake, dume hukinyofoa mwenyewe nyuzi kwa nyuzi na kuanza kingine palepale. Vingi vya viota vilivyolala chini ya mti wa kwera ni mabomoko ya fundi huyu. Chungulia ndani kabla ya kuhuzunika.

Wapo pia wasiojenga mtini. Kwenye uwanda wa nyasi kama huu, kware na ndege wengine wengi hutaga ardhini. Mkulima wa Kifipa anayetengeneza intumba, yale matuta ya duara ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea, hufanya kazi hiyo mvua zikielekea ukingoni, wakati baadhi ya ndege hao wana mayai au makinda. Huko hakuna tawi la kurudishia kitu. Anayekutana na kiota mbele ya jembe lake anaweza tu kuacha kipande cha nyasi hatua chache kila upande, na kukirudia makinda wakishaondoka. Wapo wakulima wanaofanya hivyo bila kuambiwa na mtu.

*Vingi vya viota vilivyolala chini ya mti wa kwera ni mabomoko ya dume mwenyewe.*

Harufu ya mkono

Imani kwamba ndege humtupa mtoto aliyeguswa na mtu imeenea mno, Ufipa na kwingineko duniani. Si kweli. Ndege wadogo wa bustanini hawawatambui watoto wao kwa kunusa mikono ya watu. Kinachowarudisha kwenye kiota ni mahali penyewe, sauti ya makinda na vile vinywa vilivyoachama. Ndege aliyetumia majuma kadhaa kujenga, kutaga, kuatamia na kulisha haiachi kazi hiyo kwa sababu mtoto wa darasa la nne amemshika kinda wake kwa dakika mbili.

Kinachomzuia kurudi ni umati. Watu ishirini wakisimama chini ya mti, mama atakaa kwenye paa la jirani akilia na hatasogea. Kila dakika anayokaa pale, kinda aliye uchi anazidi kupoa, maana hajaweza kujitengenezea joto lake mwenyewe. Jioni ya mvua Sumbawanga si joto, na kinda aliyelowa hamalizi saa nyingi.

Jambo la kwanza, basi, ni kumtazama vizuri huyo uliyemwokota. Makinda wako wa namna mbili, na watu huwachanganya kila mara.

Aliye uchi, au mwenye vijiti vya manyoya visivyofunguka, ameanguka kweli na anahitaji kurudishwa. Lakini yule aliyekwishavaa manyoya mwili mzima, mkia mfupi, anayerukaruka na kushika kidole kwa nguvu, hajaanguka. Ametoka kiotani kwa hiari. Ndege wengi wadogo huondoka kiotani siku kadhaa kabla hawajaweza kuruka sawasawa, na wazazi huendelea kuwafuata na kuwalisha vichakani. Kumchukua huyo ni kumpora mtoto mwenye wazazi wake wawili. Msogeze tu kwenye kichaka au tawi la chini, mbali na paka na barabara, basi.

Kikapu kwenye tawi lilelile

Kwa yule aliye uchi, kazi huanza kwa joto. Mshike ndani ya viganja vilivyofumbwa, au mweke kwenye kitambaa karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa nguo. Asilishwe akiwa baridi, kwa kuwa tumbo lililopoa halisagi chakula. Akishapata joto na kuanza kuachama, kiota kinatafutwa.

Kikiwa kizima, kifungwe kwa kamba kwenye tawi la mti uleule, au mti wa jirani kama ule umelala wote, mlango ukielekea vilevile ulivyokuwa. Cha kwera mlango wake uko upande wa chini, na ukikigeuza makinda watamwagika. Kikiwa kimechanika, kikapu kidogo cha ukindu au kopo la plastiki lililotobolewa matundu chini linatosha, maji yasije yakatuama. Ndani ziwekwe nyasi kavu pamoja na mabaki ya kiota cha zamani. Pamba isitumike, maana hulowa na kunasa kucha.

Hakuna haja ya kupanda hadi kileleni. Mkaratusi si mti wa kumpandisha mtoto, tena kwenye viota vya kwera huweza kuwamo nyoka aliyefuata mayai. Urefu wa kichwa cha mtu mzima na zaidi kidogo, penye kivuli, paka asipofika, panatosha. Mzazi atazifuata sauti.

Kisha kila mtu aondoke. Mtu mmoja abaki mbali, dirishani au nyuma ya ukuta, atazame kwa saa moja au mbili. Hapo ndipo subira inapohitajika kuliko wema. Mzazi huja akiwa na kitu mdomoni, hutua mbali, huzunguka, hurudi nyuma, huja tena. Akishaingia mara moja, ataendelea.

Kazi anayoifanya si ndogo. Mtaalamu wa ndege Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kule Usambara enzi za ukoloni, aliwaweka wasaidizi wake wa Kiafrika wakae karibu na viota kuanzia alfajiri hadi jioni wakiandika kila safari ya mzazi, wakiwemo mbayuwayu waliojenga kwa udongo. Daftari za namna hiyo ndizo zilizowaonyesha wataalamu jinsi jozi moja ya ndege inavyokwenda na kurudi siku nzima bila kupumzika. Hakuna familia yenye shamba, shule na jiko la kuangalia itakayoweza kushika zamu hiyo.

Mbayuwayu huangushwa zaidi na sisi wenyewe. Hujenga chini ya mapaa na kwenye vibaraza vya ofisi, na ukifika wakati wa kupaka rangi ukuta, kiota hugongwa kwa fagio. Aliyekwishakigonga na kukuta makinda ndani anaweza kupigilia kibao kidogo palepale, akaweka juu yake bakuli la kina kifupi lenye nyasi na mabaki ya ule udongo, na makinda wakakaa humo. Uchafu ukutani hukaa majuma machache tu, na kipande cha ubao chini ya kiota huuzuia.

Usiku ukiingia kabla kazi haijakamilika, boksi lina faida yake. Makinda wakae ndani ya kitambaa, gizani, pakavu na penye joto, bila kulishwa, kwa kuwa ndege hawa hawalishi makinda usiku. Alfajiri warudishwe mtini.

*Kinachomzuia mama kurudi ni umati uliosimama chini ya mti.*

Maziwa, ugali na maji

Makinda wengi wanaokufa mikononi mwa watu huuawa na chakula. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, kwa sababu ndege hana uwezo wa kuyasaga. Ugali na mkate huvimba tumboni bila kumpa anachohitaji. Maji yakidondoshewa mdomoni ni hatari kupita yote: tundu la kupumulia la ndege liko wazi juu ya ulimi, upande wa nyuma, na tone moja likiingia humo linakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kinda kiotani hapewi maji na wazazi wake. Huyapata ndani ya viwavi na panzi.

Kosa jingine ni kumweka na vifaranga vya kuku, kwa fikra kwamba kuku atamlea. Kifaranga hujidonolea mwenyewe tangu siku ya kwanza, na kinda wa kwera hawezi. Tena mfugaji anajiletea hatari. Ugonjwa wa kideri humaliza banda zima kwa siku chache, na ndege wa porini hawafai kuchanganywa na kuku, hata wale waliopata chanjo ya tone la jicho. Aliyemshika ndege wa porini anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kuku au chakula.

Bundi wa darini

Kuna kinda mmoja ambaye watu hawamletei boksi. Huangukia ndani ya kanisa, ghala au darasa, kupitia dari iliyotoboka: mwili wa manyoya meupe kama pamba, uso wa duara, macho meusi, mlio wa kukoroma. Ni kinda wa bundi. Mara nyingi hupigwa mawe hapohapo.

Hofu ya bundi haikuanzia Sumbawanga, nayo ipo karibu kila kona ya Tanzania. Kwa wengi, mlio wake juu ya paa ni habari ya kifo. Sitawadharau wenye hofu hiyo, kwa kuwa wamelelewa nayo. Lakini naomba watazame kilichomwagika kutoka darini pamoja na yule kinda: mafungu meusi yaliyokauka, yaliyojaa mifupa na manyoya. Yavunje kwa kijiti. Karibu yote ni panya.

Panya shamba ni adui ambaye mkulima wa mahindi hahitaji kuelezwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimekuwa na kituo mahususi cha kuwachunguza panya na visumbufu vingine kwa miaka mingi, kwa sababu hasara yao shambani na ghalani ni kubwa. Bundi wa darini anayelea makinda wanne au watano, ambao huanguliwa kwa kupishana siku na hivyo kutofautiana ukubwa, huleta panya usiku kucha. Kuua familia hiyo ni kumfukuza mlinzi wa ghala.

Kinda wa bundi arudishwe palepale alipotokea, jioni, na mtu mzima mwenye glavu au gunia zito mkononi, kwa kuwa kucha zake huchana nyama. Wazazi hawataonekana mchana. Giza likishaingia watamsikia.

*Yavunje kwa kijiti. Karibu yote ni panya.*

Hoja ya mkulima

Mkulima wa Mtowisa, kule bondeni, anayelinda mpunga wake tangu alfajiri, ana swali la haki: kwa nini nimrudishe mtini ndege atakayekuja kula jasho langu?

Anayemzungumzia hasa ni kwelea kwelea, ndege wanaotembea kwa makundi makubwa mno na kujenga kwenye migunga kwa maelfu. Wakivamia, Serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu. Sumu hiyo huua pia wasiohusika, wakiwemo mwewe na bundi wanaokula mizoga. Kondoa watu wamechagua njia nyingine, wanawanasa kwelea kwa nyavu na kuwauza kama kitoweo, na wapo watafiti wanaoona njia hiyo ina nafuu kuliko sumu.

Hakuna anayemtaka mkulima huyo arudishe kiota cha kwelea mtini. Vita yake inahusu mamilioni ya ndege, nayo haiguswi na makinda watatu wa uani kwa mwalimu. Kwera pia hudonoa ulezi na mahindi, na atakayekana hilo anamdanganya mkulima.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Viwavijeshi vamizi vilivamia mashamba ya mahindi nchini mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuathirika, na wakulima wengi wamelazimika kununua dawa tangu hapo. Ndege hawatavimaliza viwavi hivyo. Hata hivyo, majuma yale ambayo ndege wa uani ana makinda ndiyo majuma anayookota viwavi kuanzia asubuhi hadi jioni, na mbayuwayu hagusi punje hata moja maisha yake yote: chakula chake ni wadudu warukao. Anayeangusha kila kiota kwa kosa la kwelea anawaadhibu na wanaomfanyia kazi.

Sheria, na majirani zetu

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali, na ndege wamo. Kumrudisha kinda kiotani ni jambo moja, kumfuga ndani ya kizimba ni jingine, hata kama ulimwokota chini. Kinda aliyevunjika bawa au mguu, au aliyethibitika kubaki yatima, taarifa zake zipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri ya mahali hapo. 

Kwa nini sheria iwe kali kwa mtu mwenye huruma? Rwanda inatoa jibu. Huko, makinda wa korongo taji walichukuliwa vinamasini wakalelewa kwenye bustani za hoteli na nyumba za watu kama mapambo. Walipozoea watu na wengine mbawa zikaharibika, hawakuweza tena kuishi porini wala kuzaa huko. Tangu 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wamewakusanya kutoka majumbani, wenye uwezo wakarejeshwa Hifadhi ya Akagera, na walemavu wakatengewa makazi yao Kigali. Korongo taji yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kuchukuliwa kwa makinda ni mojawapo ya sababu.

Upande wa pili wa mizani, mwaka 1962, Ziwa Natron lilipofurika, flamingo waligeukia Ziwa Magadi nchini Kenya wakatotoa huko. Magadi yakaganda kwenye miguu ya makinda hadi wakashindwa kutembea. Watu waliingia ziwani, mpigapicha Alan Root akiwa miongoni mwao, wakavunja pingu hizo na kuwaachilia makinda kwa maelfu.  Walimwondolea kinda kilichomfunga, wakamwacha alipo na wazazi wake.

Kwa Sumbawanga, sehemu kubwa ya makinda wangeokolewa na kalenda. Upepo hatuna mamlaka nao, lakini ukataji wa miti shuleni, usafishaji wa matawi chini ya nyaya za umeme na upakaji rangi wa vibaraza hupangwa na watu. Kazi hizo zikifanywa kati ya Julai na Septemba, miti mingi ya kwera huwa mitupu. Isipokuwa darini: bundi hutotoa hata kiangazi, na fundi wa dari achungulie kwa tochi kabla ya kung'oa ubao wa kwanza.